Ng'ambo ya Ruvuma: Tungue, Tufo na Albamu ya Kwanza ya Eyuphuro

Ramani nyingi za lahaja za Kiswahili tunazozitumia madarasani huanzia Barawa kaskazini, zikashuka Lamu, Mombasa, Vumba, Pemba, Unguja, Mafia na Kilwa, kisha zikakoma Mtwara kana kwamba bahari yenyewe imeishia hapo. Mwanafunzi akiuliza kuna nini ng'ambo ya mto Ruvuma, jibu la haraka huwa ni kwamba huko ni Msumbiji na watu wa huko husema Kireno. Jibu hilo ni kweli kwa ofisi za serikali na shule, lakini si kweli kwa pwani. Katika makala haya tunapenda kuwaletea wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, habari za upande huo wa pwani kwa njia ambayo hatujaitumia sana katika jarida hili, nayo ni njia ya muziki. Tutaizungumzia albamu moja ya mwaka 1990 iitwayo Mama Mosambiki, iliyotolewa na kundi la Eyuphuro kutoka kaskazini ya Msumbiji. Tutaeleza pia kwa nini albamu isiyoimbwa kwa Kiswahili inastahili nafasi katika somo la Kiswahili.

Tuanze na mahali. Tungue, ambayo katika maandishi ya zamani ya Unguja huandikwa Tungi, ni ghuba iliyo kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado. Mji wake mkuu leo ni Palma. Wanaosoma historia watakumbuka kuwa jina hili limo katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886. Mkataba huo ulitambua ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar wenye upana wa maili kumi, kuanzia mto Miningani katika ghuba ya Tungi hadi Kipini karibu na mdomo wa mto Tana. Kwa maneno mengine, wino wa mkataba ulipokuwa haujakauka, Tungue ilikuwa ndiyo nguzo ya kusini ya pwani ya Sultani, kama Kipini ilivyokuwa nguzo ya kaskazini. Haikudumu. Mapema mwaka 1887 Wareno waliitwaa ghuba hiyo kwa nguvu za manowari, na Sultani Barghash hakuwa na la kufanya. Mwaka 1894 Wajerumani nao wakajitwalia kipande cha Kionga kaskazini ya Palma, na Wareno wakakirudisha mwaka 1916 wakati wa vita kuu ya kwanza. Basi watu wa sehemu hiyo walibadilishiwa bendera mara kadhaa katika umri wa mtu mmoja, huku wakiendelea kuvua samaki palepale, kuoana na watu wa Mikindani na Kilwa, na kuswali katika misikiti ileile.

Lugha zao zinaieleza hali hiyo vizuri kuliko mkataba wowote. Kwenye pwani ya Palma husikika Kiswahili, Kimwani, Kimakonde na Kimakwe. Kimwani, ambacho jina lake lina maana ya lugha ya watu wa pwani, kiko karibu sana na Kiswahili. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya lugha za Kisabaki, walikijadili kwa kirefu kwa sababu hakikai kwa urahisi ndani ya Kiswahili wala nje yake. Kimakwe kimeandikiwa sarufi na Maud Devos aliyeifanyia kazi tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 2004. Ni lugha iliyo jirani ya Kimakonde, lakini imebeba shehena kubwa ya msamiati wa Kiswahili. Ukishuka kusini zaidi hadi Angoche utakuta Kikoti, ambacho Thilo Schadeberg na Francisco Ussene Mucanheia walikieleza mwaka 2000 kuwa ni lugha yenye mifupa ya Kimakua na nyama nyingi ya Kiswahili. (Mfano huo wa mifupa na nyama ni wetu, wataalamu hao wasilaumiwe.) Katikati ya hizi zote kuna Kimakua chenyewe, ambacho wenyewe hukiita Emakhuwa, lugha ya kwanza ya takriban robo ya Wamsumbiji wote.

Baada ya kusema hayo, msomaji atategemea tumletee santuri ya Tungue yenyewe. Hapa ndipo penye tatizo ambalo walimu wa fasihi simulizi wanalijua vizuri. Muziki hurekodiwa kule kwenye mitambo, na mitambo ya Msumbiji ilikuwa Maputo, mwisho mwingine kabisa wa nchi, kilomita zaidi ya elfu mbili kwa barabara kutoka Palma. Muziki uliopata kujulikana kuwa ndio wa Msumbiji ulikuwa marrabenta, dansi la gitaa la Maputo na viunga vyake. Wanamuziki wake wa mwanzo, kama Fany Mfumo, walipata kurekodi Johannesburg kwa sababu ya njia ya wafanyakazi wa migodi. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 Radio Msumbiji ilijaribu kuzipa nafasi sehemu nyingine. Serikali iliandaa tamasha la taifa la ngoma mwaka 1978, na tamasha la nyimbo na muziki wa jadi mwishoni mwa mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa 1981. Hata hivyo kundi kubwa la redio lililosafiri ng'ambo, Orchestra Marrabenta Star lililoundwa mwaka 1979, lilitangaza dansi la kusini, kama jina lake linavyoonyesha. Mtu wa kaskazini aliyetaka kusikika ilimbidi ama ahamie kusini ama aunde chake.

Eyuphuro walichagua njia ya pili. Kundi hili liliundwa mwaka 1981 mkoani Nampula, mkoa unaopakana na Cabo Delgado kwa upande wa kusini, na waanzilishi wake wakiwemo Gimo Remane Mendes, Omar Issa na Mussa Abdala. Mwimbaji aliyelipatia kundi sura yake alikuwa Zena Bacar, mzaliwa wa Lumbo. Lumbo iko bara, mkabala na Kisiwa cha Msumbiji, kile kisiwa kidogo kilichokuwa makao makuu ya Wareno hadi mwaka 1898 na ambacho ndicho kilichoipa nchi nzima jina lake. Jina la kundi ni neno la Kimakua lenye maana ya kimbunga cha vumbi, yaani chamchela. Tunasisitiza kwa wanafunzi wa fonolojia kwamba ile ph si f. Ni p yenye mpumuo, kwa kuwa Kimakua hutofautisha p ya kawaida na p ya mpumuo, kama wazee wa Mombasa wanavyotofautisha paa la nyumba na paa wa porini. Wengi wa vijana wetu wa leo wameipoteza tofauti hiyo katika Kiswahili, nao watashangaa kuikuta hai na yenye nguvu kwa jirani.

Miaka waliyoanza kupiga haikuwa miaka ya starehe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1977 vilikwisha kwa mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, na katika kipindi hicho chote kusafiri kwa barabara kaskazini ya nchi kulikuwa ni kuihatarisha roho. Hata hivyo kufikia mwisho wa miaka ya 1980 Eyuphuro walikuwa wamefika Ulaya na kupiga katika matamasha, na mwaka 1990 albamu yao ya kwanza ikatolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja kabla na mwanamuziki Peter Gabriel pamoja na wenzake wa tamasha la WOMAD.

Hapa tunaomba wasomaji wetu wa Tanzania wasimame kidogo. Katika orodha ya kampuni hiyohiyo, mwaka 1989, ilitoka albamu ya Remmy Ongala na Super Matimila iitwayo Songs for the Poor Man. Ina maana kwamba majirani wawili wa pande mbili za Ruvuma walikaa katika rafu moja ya duka la London, wakitofautiana kwa mwaka mmoja tu. Remmy hana haja ya kuelezwa kwa mwanafunzi yeyote wa Dar es Salaam, na mashairi yake yamo hata katika tasnifu zetu. Jirani yake wa rafuni hajulikani. Hatuoni kuwa ni kosa la mtu. Kiswahili kilimbeba Remmy, mzaliwa wa Kongo, hadi akawa mtu wa Sinza. Kimakua, ingawa kina wasemaji wengi, hakikuvuka mto. Lakini ukiacha maneno na kusikiliza midundo, ni Eyuphuro na wala si Remmy walio karibu zaidi na ngoma za pwani yetu. Remmy alipiga dansi lenye asili ya Kongo. Eyuphuro walichukua ngoma za wanawake wa Kiislamu wa mwambao, tufo ikiwa ya kwanza, pamoja na nyingine zinazoitwa djarimane na namahandga, wakazitia katika magitaa.

Tufo ndiyo kiini cha makala haya, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Ukiona kundi la tufo, utaona wanawake kati ya kumi na watano na ishirini hivi, wamevaa kapulana na blauzi za sare, vilemba vya rangi moja, na nyuso zao mara nyingi zimepakwa msiro, ule unga mweupe wa mti unaosagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na maji. Kwa wasomaji wa Lamu na Unguja tunaweza kusema kuwa ni jamaa wa liwa, na Wangazija nao wana wao. Wanawake hujipanga kwa safu, wakikaa au kupiga magoti, na uchezaji wao mwingi ni wa mabega, mikono na shingo. Wapigaji huwa na ngoma nne bapa za kuwambwa upande mmoja. Mmoja huanza ubeti na wote huitikia. Asili yake ni ya dini: ilipigwa katika maulidi na siku za sikukuu, nayo inahusiana na tarika za kisufi zilizoenea kwenye pwani hiyo kutoka Zanzibar na Ngazija mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye wanawake ndio walioishika, na maneno yakapanuka yakaingiza mapenzi, ndoa, siasa, chanjo, uchaguzi, na kumsema jirani bila kumtaja jina.

Yeyote aliyesoma kitabu cha Margaret Strobel cha mwaka 1979 kuhusu wanawake wa Mombasa ataitambua picha hii mara moja. Ni lelemama, karibu katika kila jambo: vyama vya wanawake, sare, viongozi wenye vyeo, na ushindani mkali baina ya chama na chama. Mombasa kulikuwa na Ibinaal Watan na Banu Saada. Kisiwa cha Msumbiji kuna kundi liitwalo Estrela Vermelha, yaani Nyota Nyekundu, jina lenye harufu ya miaka ya mwanzo ya uhuru kama vile majina ya vyama vya beni yalivyokuwa na harufu ya manowari za Waingereza. Desturi ni ileile ya kuchukua jina la mwenye nguvu na kulivika ngoma yako.

Na neno lenyewe, tufo, limetoka wapi? Simulizi moja ya Kisiwa cha Msumbiji humtaja mfanyabiashara aliyeitwa Yusufu, mtu wa Kilwa, kuwa ndiye aliyeileta ngoma hii kisiwani katika miaka ya 1930. Simulizi za namna hii huwa zinamkusanyia mtu mmoja kazi ya watu wengi, lakini kule kutajwa kwa Kilwa si bure. Kwa upande wa lugha, maelezo yanayokubalika ni kwamba neno hili linatokana na Kiarabu, duff, ambalo sisi tunalijua kama dufu. Mwalimu akiishia hapo amekosa nusu ya utamu. Kimakua hakina vipasuo ghuna. Pale ambapo Kiswahili kina b, d na g, Kimakua huwa na p, t na k, na maneno ya mkopo hupitia mlango huohuo. Neno dufu likiingia katika kinywa cha Mmakua halina budi kuvuliwa ughuna wake, na d ikawa t. Irabu ya mwisho nayo imeandikwa kwa o, kwa mazoea ya tahajia ya Kireno ambamo o isiyo na mkazo mwishoni mwa neno hutamkwa karibu na u. Hivyo dufu na tufo ni neno moja lililopita katika forodha mbili. Mfano mwepesi na mzuri kama huu wa utohozi ni nadra kuupata, nao una faida ya kuweza kupigwa darasani, siyo kuandikwa ubaoni tu.

Turudi kwenye albamu. Kinachosikika ndani yake ni magitaa mepesi yanayozunguka, besi isiyo na haraka, ngoma za mkono, na juu yake sauti za Zena Bacar na Gimo Remane, ambao ndio watungaji wakuu. Sauti ya Zena ni ya mtu aliyezoea kuimba nje, mahali ambapo upepo wa bahari unashindana naye. Haibembelezi. Wageni walioandika juu yake wakati ule walipenda kutaja mchanganyiko wa Afrika na Uarabuni, kana kwamba vitu hivyo viwili vilikutana studio. Kwa mtu wa pwani mchanganyiko huo hauna mwujiza wowote, ndio hali ya kawaida ya kila arusi. Kilichokuwa kipya ni gitaa kuchukua kazi ya safu ya waitikiaji, na tunadhani hapo ndipo albamu ilipopata na ilipopoteza. Imepata wepesi unaomwezesha hata asiyejua neno moja la Kimakua kuisikiliza hadi mwisho. Imepoteza umati. Katika tufo anayesema ni chama kizima, na neno likimchoma mtu hakuna wa kushtakiwa. Katika santuri masikio yote humwelekea mwimbaji mmoja, jina lake limeandikwa kwenye jalada, na utani wa mtaa hugeuka kuwa wimbo wa msanii. Siti binti Saad alikutana na jambo hilohilo aliporekodi Bombay mwaka 1928. Aliyekuwa sauti ya Ng'ambo akawa jina kwenye sahani, na mitaa ikaanza kuwauliza waimbaji wake habari za maneno yao.

Kundi halikudumu baada ya albamu. Gimo Remane alibaki Denmark na kuendelea na muziki wake huko, na Eyuphuro wakanyamaza kwa miaka kadhaa. Zena na wenzake walilifufua kundi mwaka 1998, na mwaka 2001 wakatoa albamu ya pili, Yellela. Zena Bacar alifariki dunia Desemba 2017. Ni kazi ndogo kwa idadi, ila kwa kaskazini ya Msumbiji ilikuwa ni mlango uliofunguliwa.

Sasa, Tungue iko wapi katika habari hii? Tungue ni sehemu ya pwani hiyohiyo ya tufo, lakini nyimbo zake zina jambo moja la ziada: ukaribu wa Kiswahili. Wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanza Septemba 1964 huko Chai katika mkoa huohuo wa Cabo Delgado, wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo Kongwa na Nachingwea, chama chenyewe kikiwa kimeundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, na nyimbo za mapambano za Wamakonde ziliimbwa kwa Kimakonde na kwa Kiswahili pia. Paolo Israel, aliyetafiti ngoma ya mapiko na kuchapisha kitabu chake mwaka 2014, ameonyesha namna nyimbo hizo zilivyoingia katika ngoma za vinyago na kukaa humo. Rais Joaquim Chissano alipowashangaza wenzake wa Umoja wa Afrika kwa kuhutubia kwa Kiswahili mjini Addis Ababa mwaka 2004, watu waliishangaa hotuba wakasahau chanzo. Aliyekuwa akisema pale alikuwa mtu wa kizazi kilichoishi Tanzania na kuimba na Watanzania. Na jumuiya ya SADC ilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mnamo Agosti 2019, Msumbiji ilikuwa mezani kama mwanachama, ikiwa na wasemaji wake yenyewe kule Palma.

Mwaka huo wa 2019 lakini haukuwa wa kusherehekea lugha kule Palma. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, kusini ya Palma, na mkoa ukaingia katika vita vipya. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado. Agosti 2020 Mocímboa ilitekwa, ikakombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma yenyewe. Kufikia mwishoni mwa 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalihesabu watu karibu milioni moja waliokuwa wamehama makwao kwa sababu ya vita hivyo. Watu wa pwani walikimbilia Pemba kwa majahazi, wengine Nampula, wengine wakaelekea mpaka wa Ruvuma. Kabla ya hapo gesi iliyogunduliwa mwaka 2010 ilikuwa imeanza kuwahamisha wavuvi wa rasi ya Afungi, mlangoni kabisa mwa Palma: watu wa Quitupo walijengewa kijiji kipya cha Quitunda mbali na ufuko wao.

Tunayataja haya kwa sababu yanahusu utafiti wetu moja kwa moja. Chama cha ngoma si kitabu. Kinakaa katika mtaa fulani, kina kiongozi anayezijua beti, kina mpigaji anayejua wapi pa kuvunja mdundo, na kina mahasimu wa mtaa wa pili ambao bila wao hakuna haja ya kutunga. Wahamishe watu hao, huyu Pemba, yule Nampula, mwingine Mtwara, na beti zitabaki vichwani kwa muda, lakini sababu ya kuziimba itakuwa imeondoka. Pwani ya Nampula ina albamu mbili za Eyuphuro za kuonyesha. Beti za Tungue, zile zenye Kiswahili, Kimwani na Kimakwe ndani ya ubeti mmoja, ziko kwa wenyewe. Mwanaisimu angezihitaji kwa ajili ya lahaja, mwanafasihi kwa ajili ya utungo, na mwanahistoria kwa ajili ya majina ya vijiji ambavyo havipo tena pale vilipokuwa.

Kwa walimu wanaopenda kuitumia albamu hii, tunapendekeza vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza wapigieni wanafunzi wimbo mmoja bila kuwaambia umetoka wapi, na waandike kila neno wanalodhani wamelielewa. Wanafunzi wa pwani kwa kawaida huwahi kuutambua mdundo kabla ya neno, na wa bara huwahi kutambua viambishi, hasa vya nafsi, maana Kimakua ni Kibantu na hakiwezi kujificha. Wale watakaosema ni Kingazija wasichekwe, kwani makosa yao yana mantiki na yanafaa kujadiliwa. Katika kipindi cha pili andikeni ubaoni dufu upande mmoja na tufo upande wa pili, kisha waachieni wenyewe watafute kanuni. Mwenye kujua Kimakonde au Kimwera darasani apewe nafasi ya kusema neno hilo kwao linavyotamkwa. Wasio na dufu wanaweza kutumia sinia. Idara jirani imeshatuonya kuhusu kelele, kwa hiyo kipindi cha mwisho cha Ijumaa ndicho kinachofaa.